Walinipeleka Jumamosi, Jumatatu Nina Mtihani

Kwetu msichana akipata mimba, anapelekwa. Sijui kwenu mnasemaje, sisi ndivyo tunavyosema. Mashangazi wanamkalisha chini, wanamuuliza ni ya nani, akishataja wanamfungia nguo zake kwenye mfuko na kumfikisha nyumbani kwa wazazi wa huyo mwanamume. Wanasalimiana, wanakunywa chai, wanamwacha hapo kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Mahari yatazungumzwa baadaye, harusi itazungumzwa baadaye, na hiyo baadaye mara nyingi haifiki. Lakini kuanzia siku hiyo ana kwake. Akirudi kwao anaulizwa: umefuata nini?

Mimi nilipelekwa. Mpaka leo watu wa kwetu, upande wa Mlalo, wakinisimulia wanasema nilitoroka, na wanavyosema utadhani niliruka dirisha. Sikuruka dirisha. Niliondoka mchana kweupe, wali nikiwa nimeshaupika na kuufunika.

Chuo chetu kiko juu kidogo ya mji wa Lushoto, mahali ambapo ukungu unaingia darasani bila kubisha hodi. Wenzetu waliotoka Dar na Shinyanga walikuja na ndala na mashuka mepesi, haikupita wiki wakawa wanavaa soksi mikononi. Sisi wa milimani tuliwacheka kwanza, ndipo tukawaonyesha mtumba wa masweta ulipo. Nguo ukiifua Ijumaa, Jumanne unaivaa na bado inanuka maji. Kila chumba cha hosteli kilikuwa na ile koili ya kuchemshia maji iliyopigwa marufuku, na matroni akipita inazamishwa kwenye ndoo ya unga. Mchana wali maharage kantini. Jioni ugali na kabichi, na kesho yake ugali na kabichi. Hatukuwa watu wa kulalamika, ila kuna siku mwenzangu wa chumba, msichana wa Shinyanga mwenye sauti ya spika, alisimama kwenye foleni akauliza kwa nguvu, "Hivi huku kwenu mbuzi wanakula nini, maana chakula chao tumekimaliza sisi?"

Nilikuwa nasomea maendeleo ya jamii. Kidato cha nne sikung'ara. Nilipata alama za kunipitisha mlangoni, za kukaa kiti cha mbele sikuzipata. Lakini mpango wangu nilikuwa nao na nilikuwa nausema bila kuulizwa: mwaka wa kwanza astashahada, miaka miwili inayofuata stashahada, halafu digrii, halafu nirudi hapa hapa milimani niwe ofisa wa kata mwenye pikipiki yake. Hiyo pikipiki niliitaka kuliko digrii yenyewe. Nimekua nikimwona mama anapanda na kushuka mteremko na mzigo wa viazi mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na siku maofisa walipokuja kijijini walikuja na pikipiki, wakaondoka na pikipiki, na hakuna aliyewauliza wamefuata nini.

Huyo bwana nilimpata kwenye kazi za vikundi. Sitaki kudanganya hapa, nilimpenda. Kijana wa upande wa Bumbuli, mpole, mwandiko mzuri, anachemsha chai ya tangawizi vizuri kuliko mimi. Tulikuwa tunajisomea maktaba mpaka mlinzi anagonga kengele. Yaliyofuata ninyi ni watu wazima, mnayajua. Mimi siyaombei radhi. Tulikuwa wawili, wote tuna akili timamu, wote tumefika umri.

Nilienda nyumbani wikiendi moja, mama akaniona ninavyogeuza uso kitunguu kilipoingia kwenye mafuta. Aliepua sufuria, akatoka nje, nikamsikia anampigia simu shangazi. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo kwetu neno la shangazi ndilo neno la baba. Kesho yake alikuwa amefika, viatu vina matope, hata chai hakuitaka.

"Ya nani?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ya nani?"

Nikamtaja. Nilidhani nikimtaja ataitwa, tutakaa, tutasema. Shangazi aliuliza maswali mawili tu: kwao ni wapi, na wazazi wake wako hai? Alipojibiwa akamgeukia mama na kuanza kupanga usafiri. Mimi nikampigia huyo bwana simu nikiwa nyuma ya zizi. Nikamwambia, wanataka kunipeleka kwenu Jumamosi ijayo, njoo tusimame wote tuseme tunasoma.

Akasema, "Nyumbani wapo, usiogope. Mama hana shida. Mimi tu ndiyo sitaweza kuja, unajua Jumatatu tuna mtihani."

Tuna. Alisema tuna. Hilo neno nimekaa nalo muda mrefu, nikilifikiria mpaka leo damu inachemka.

Basi Jumamosi wakanipeleka. Shangazi alimchukua jirani yake mmoja wa kumsaidia kusema, na mimi na mfuko wangu. Mama hakuja, kwa desturi mama haendi. Tulishuka Soni, tukapata gari la Bumbuli, tukapita kando ya mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto wa shule. Nyumba yao ilikuwa chini ya barabara, mteremko ambao unautelemka kwa visigino. Mama yake alikuwa mlangoni.

"Onga mauri," alitusalimu kwa Kisambaa, na mimi nikampigia magoti, "Shikamoo mama." Hasira haifuti shikamoo. Ni mama mnene, wa Kilutheri, kanisani anaimba kwaya, ana uso wa mtu asiyependa ugomvi. Ningependa kuwaambia alikuwa mbaya, ingenirahisishia kazi. Hakuwa mbaya.

Tulikaa. Chai ikaja, na viazi vitamu. Shangazi akafuta mdomo akasema, "Tumeleta mzigo wenu."

Nimekaa hapo kwenye mkeka, mzigo.

"Tumeupokea," alisema mama yake. Akasimama, akatoa khanga mpya, akanifunga kiunoni juu ya sketi yangu. Ukishafungwa ile khanga umepokelewa, ndiyo maana yake. "Hapa ndipo kwako, mwanangu."

"Basi," alisema shangazi, "sisi hatuna neno jingine."

"Mimi ninalo," nilisema. "Jumatatu nina mtihani."

Mama yake alimtazama shangazi. "Ana nini?"

"Mambo ya chuo. Usimsikilize, ni mimba inamsumbua."

"Hata kijana wangu ana mtihani Jumatatu," alisema yule mama, kwa upole kabisa. "Ndiyo maana hajaja."

"Ni huohuo, mama. Tunakaa darasa moja."

Jirani wa shangazi aliinamisha kichwa kwenye kikombe. Nilifikiri sasa wameelewa, sasa mtu atacheka, au ataona aibu, au atasema hebu ngoja. Mama yake aliwaza, halafu uso ukafunguka kama mtu aliyepata ufumbuzi.

"Basi hakuna tatizo! Akija likizo atakuhadithia ulikuwaje."

Shangazi aliondoka jioni ile akiwa mwepesi. Pale mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini ili wenyeji wasisikie, nisimwaibishe marehemu baba. Nilimjibu kwamba marehemu baba ndiye aliyenipeleka darasa la kwanza kwa mkono wake. Akaniambia nina mdomo. Nikamwambia ninao.

Jumapili asubuhi wote walivaa kwenda ibadani. Mimi niliambiwa nipumzike, halafu nikaonyeshwa mchele, maharage na kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Nilipumzika kwa kumkatakata yule kuku. Nilipika vizuri. Nilitaka wakirudi wasipate la kusema, wasiseme alikuwa mvivu, kazi ilimshinda akakimbia. Chumvi niliionja mara mbili. Nikafunika wali na sahani, nikaweka kaa la moto juu yake usipoe, nikaosha vyombo. Kisha nikafungua ile khanga kiunoni, nikaikunja kona kwa kona kama ilivyotoka dukani, nikaiweka juu ya kitanda. Nikachukua mfuko wangu, nikapanda mteremko.

Pale barabarani nilipumzika, nimeshika kiuno, mpaka likaja lori la mboga linaloelekea Soni. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya sufu. Alinitazama, akatazama tumbo ambalo nilidhani halijaanza kuonekana.

"Binti, umegombana na mume?"

"Shikamoo baba. Sina mume. Nina mtihani."

Alicheka akapiga usukani. "Mimi nimebeba watu wanaowahi hospitali, wanaowahi msiba, wanaowahi mahakamani. Wa mtihani na mimba ni wewe wa kwanza. Panda. Mtihani wa nini?"

"Jinsia na Maendeleo."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Tunajifunza kwa nini wasichana hawamalizi shule."

Yule baba hakucheka tena. Aliendesha kona zile zote mpaka Soni, na tulipofika alishuka mwenyewe akanisimamishia gari la Lushoto.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kabisa kuingia chumba cha mtihani. Huyo bwana alikuja na kalamu mbili mfukoni, ameshachana nywele, akaniona. Alisimama mlangoni kama kaona kitu kimefufuka. Ilibidi wenzake wamsukume. Karatasi ikaja. Swali mojawapo lilituuliza vikwazo vinavyomzuia mtoto wa kike kuendelea na masomo, na mifano kutoka kwenye jamii yako. Mwenzangu wa chumba, kiti cha pembeni, alikohoa makusudi. Niliandika mpaka nikaomba karatasi ya nyongeza.

Tulipotoka alinifuata nyuma ya maktaba.

"Si walikupeleka nyumbani?"

"Walinipeleka. Nimerudi."

"Mama amenipigia jana analia. Anasema wamekuta chakula na khanga, wewe haupo. Umemwaibisha mbele ya kanisa zima."

"Kuku alikuwaje?"

"Unafanya mzaha?"

"Nauliza swali. Nikuulize na lingine. Kwa nini hawakukupeleka wewe kwetu? Mama yangu ana shamba, ana zizi, mteremko upo, kamba ya kubebea viazi ipo. Ungekaa pale, mimi ningefanya mtihani, likizo nikaja kukuhadithia."

Alitazama viatu vyake. "Haijawahi kuwa hivyo," alisema.

Hakuwa anabishana hata. Alikuwa ananipa taarifa.

Kuanzia hapo nikawa mtu asiye na kwao. Shangazi alipiga simu mara moja kuniambia kwamba kwa mama yangu nisikanyage, kwa sababu kwangu kupo na nimekukimbia. Mama alikuwa karibu naye, nilimsikia anapumua. Na chuoni habari ilishafika kabla sijabadilisha soksi. Mkufunzi mlezi wa darasa letu aliniita ofisini. Ni mwanamke, msomi, na huyohuyo ndiye anayetufundisha Jinsia na Maendeleo. Alifunga mlango taratibu.

"Nakushauri kama mama," alisema. "Omba kuahirisha mwaka. Ujifungue, ulee, mwakani utarudi."

"Wangapi wamerudi, mwalimu?"

Alichezea kalamu. "Wapo wanaorudi."

"Nitajie mmoja nikamwamkie."

"Binti, usiwe mkali. Nakutakia mema."

"Na yeye umeshamwita?"

"Nani?"

"Baba yake. Anakaa safu ya pili karibu na dirisha, sweta la bluu."

"Yeye habebi mimba."

"Na mimi siibebi kichwani, mwalimu. Kichwa kiko wazi."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka puani. Halafu akarudi kuwa mkufunzi. Hosteli huwezi kukaa, kanuni hairuhusu. Nikasema nitatafuta chumba. Na ukifeli? Nikasema nitakuwa nimefeli kama wanavyofeli watu wengine wote, wanafeli wavulana wasio na mimba kila mwaka na hakuna anayewashauri kama mama.

Nilipata chumba nyuma ya nyumba ya mwanamke anayeuza mapeasi na matunda damu pale sokoni. Mwenzangu wa chumba alinibebea godoro kichwani akipita katikati ya chuo anapiga kelele, "Pisheni, pisheni, ofisa wa kata anahamia!" Mitihani ya mwisho wa mwaka niliifanya na tumbo linagusa meza. Nilipita. Somo moja nililipata kwa shida, ila nililipata. Nilijifungua wakati wa likizo, mtoto wa kiume, na mama yangu akaja. Aliwaambia watu anakwenda Lushoto kuuza vitunguu. Alikaa na mimi, akanikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, akamwogesha mtoto. Hakutaja kupelekwa wala kurudi. Siku anaondoka alisema tu, "Usimwache alale chali sana, kichwa kitabonyea," akachukua kapu lake.

Chuo kilipofunguliwa nilirudi, sasa stashahada, mtoto mgongoni. Nataka niseme ukweli kuhusu hilo kwa sababu watu wananiambia wewe ni shujaa, na hilo neno silipendi. Shujaa hanuki maziwa yaliyochacha. Nepi hazikauki Lushoto. Nilikuwa nazikaushia juu ya jiko la mkaa, mlango wazi tusije tukafa kwa moshi, na nyingine zinaungua, mpaka leo kuna moja ina alama ya jiko kama muhuri. Nilisoma huku mguu unasukuma kitanda. Steshenari nikipeleka kazi za kuchapisha, kijana wa pale alikuwa anamshika mtoto na mimi nachapa mwenyewe. Kundi moja la kujisomea lilinikataa, walisema mtoto anawatoa kwenye mada. Nikawaambia mada ni ustawi wa mtoto. Wakanikataa hivyohivyo. Mama mwenye nyumba alikuwa ananishikia mtoto saa za vipindi, isipokuwa siku za gulio. Siku za gulio niliingia naye darasani, nikakaa nyuma, nanyonyesha chini ya kitenge. Wakufunzi wengine walijifanya hawaoni. Mmoja aliniomba nitoke, nikatoka, nikasimama dirishani nikaandika nikiwa nje.

Na huyo bwana? Alikuwepo. Safu ya pili. Alimletea mtoto kofia, na wakati mwingine boksi la sabuni. Siku moja alisimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi ya kikundi chake kuhusu majukumu ya wazazi wote wawili, amevaa tai. Alipofika kwenye neno "wote" mtoto wangu akapiga chafya, darasa zima likaangua kicheko. Alicheka na yeye, masikini. Nadhani ndiyo siku nilipoacha kumpenda, kwa sababu alicheka.

Yaliyotokea baadaye yalitokea asubuhi ya mtihani wa kwanza wa semista. Ilikuwa siku ya gulio, mama mwenye nyumba ameshashuka sokoni na matenga yake. Mpango wangu ulikuwa nikamwombe mpishi wa kantini, na nilijua atakataa. Nimemvika mtoto sweta, nafungua mlango, nakuta shangazi. Nyuma yake amesimama mama wa huyo bwana, amejitanda khanga mbili kwa baridi. Walikuwa wamelala mjini kwa ndugu.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumekaa tumezungumza," alianza shangazi, hata kuingia hajaingia. "Yaliyopita yamepita. Mtoto ameshaota jino, hawezi kuendelea kukulia chumba cha kupanga wakati ana kwao. Tumekuja kuwachukua, wewe na yeye. Gari lipo asubuhi hii."

"Saa tatu naingia kwenye mtihani."

"Wewe na mitihani yako! Kila tukija una mtihani!"

"Kila mkija mnachagua siku ya mtihani, shangazi. Mimi sizipangi."

Mama yake alikuwa anamtazama mtoto. Alikuwa hajawahi kumwona, ila kwenye simu. Macho yake yalikuwa yamelowa, na sijui kama ni ukungu. "Si lazima wewe," alisema polepole. "Kama hutaki, tupe hata mtoto. Nitamlea. Wewe usome."

Hapo ndipo niliogopa kwa mara ya kwanza. Walikuwa wawili na mimi mmoja. Mtoto wa kiume ni wa kwao, hakuna mtu kwetu atakayesimama upande wangu kwa hilo. Na lile neno, wewe usome, lilikuwa tamu. Kuna asubuhi nyingi ningelipokea. Niliwatazama wale wanawake wawili wazima, waliolea watoto mpaka wakalea wajukuu, wamesimama mlangoni kwangu siku ambayo sina wa kunishikia mtoto.

"Mmekuja kumchukua?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Haya, mchukueni."

Nilimgeuza yule mama kwa mabega, nikamweka mtoto mgongoni kwake, nikafunga mbeleko kwa fundo langu mwenyewe. Nikachukua kalamu na kitambulisho. "Twendeni. Natoka saa sita. Akilia sana mnigongee dirisha la tatu."

"Twende wapi?" alisema shangazi.

"Chuoni. Mtoto ananyonya, hawezi kupanda gari la Bumbuli na titi langu liko Lushoto."

Nilitangulia. Sikugeuka nyuma, nilijua wanafuata kwa sababu nilimsikia shangazi anavyosema njia nzima. Tulipita getini, mlinzi akawaamkia shikamoo wote wawili, wakaitika hata hawajui wanaingia wapi. Nje ya ukumbi darasa zima lilikuwa limesimama na karatasi zao, wanadesa dakika za mwisho. Huyo bwana alikuwa ameegemea nguzo. Alimwona mama yake, akaona kilichoko mgongoni.

"Shikamoo mama," alisema, sauti imekatika.

"Marahaba." Mama yake aliutazama ukumbi, akatutazama sisi wawili tumesimama na kalamu za aina moja. "Kumbe ni hapa."

Tukaingia.

Kwenye swali la pili nilimsikia mtoto analia. Titi linasikia kabla ya sikio, sweta likalowa upande mmoja. Mwenzangu wa chumba alinitolea macho: nenda. Msimamizi alinitazama. Niliendelea kuandika. Nataka iandikwe hivyo, kwamba nilimsikia mwanangu analia na nikaendelea kuandika, na wanaotaka kunihukumu waje na jina lao. Nje nilisikia hatua zinakwenda na kurudi kwenye varanda, sauti nzito ya kwaya inabembeleza kwa Kisambaa, mpaka akanyamaza. Nikajibu yote.

Nilipotoka huyo bwana alikuwa ametangulia. Mama yake alikuwa amefungua mbeleko, anamsukumia mtoto kifuani. "Mshike mwanao, mgongo wangu umekufa." Alimshika kama mtu anayebeba debe lililojaa maji, mikono imenyooka. Watu walikuwa wanatazama. Sikumsaidia.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu amevua. "Gari limeshaondoka," alisema. "Haya, umemaliza. Chukua nguo zako."

"Sijamaliza. Kesho kuna mwingine, keshokutwa mwingine. Halafu semista ya pili. Halafu mwaka wa tatu."

"Halafu?"

"Digrii."

"Na mtoto huyu?"

"Na mtoto huyu."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani atanipiga, na ningekubali, ni shangazi yangu. Akavaa viatu kimoja kimoja. "Mimi kwenye jambo hili simo tena," alisema. "Sirudi hapa." Akatelemka kuelekea getini bila kuaga, na mimi nikamchukua mtoto kwa baba yake, nikakaa palepale kwenye ngazi nikamnyonyesha.

Mama wa huyo bwana hakumfuata shangazi. Alisimama anajinyoosha kiuno, anaangalia wanafunzi wanavyobishana kuhusu swali la nne. Mwisho akanisogelea, akamfunika mtoto miguu kwa ncha ya khanga yake.

"Kesho mnaingia saa ngapi?"

"Saa tatu," nilisema. "Uje mapema, mama. Anaamka na njaa."